Uhifadhi wa Marekani tangu Yosemite na Yellowstone: uliiokoa ardhi au uliwapokonya wenyewe?

MLETA MADA

Wadau, habari za jioni. Naleta mada ya historia ambayo mpaka leo inaamua nani akae wapi. Kila tunapofundishwa chimbuko la hifadhi za taifa tunapelekwa Marekani, na hadithi huwa ya wanaume wawili. John Muir, mzaliwa wa Scotland aliyezunguka milima ya Sierra Nevada kwa miguu na kuwa rais wa kwanza wa Sierra Club, chama cha uhifadhi, mwaka 1892, alitaka mabonde na misitu viachwe kama vilivyo. Gifford Pinchot, mtoto wa tajiri aliyekwenda kusomea misitu Nancy, Ufaransa, na mwaka 1905 akawa mkuu wa kwanza wa Idara ya Misitu ya serikali kuu, alitaka misitu itumike kwa mpango ili isiishe. Katikati yao anawekwa Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwaka 1903 alilala porini na Muir pale Yosemite, huku kazi akimpa Pinchot.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya bonde la Hetch Hetchy, ndani ya hifadhi ya Yosemite, California. San Francisco ilitetemeka na kuungua Aprili 1906, mji ukataka maji ya uhakika, na bonde lile lilikuwa na mdomo mwembamba unaofaa kuzibwa. Muir akasema kulizamisha ni sawa na kugeuza makanisa kuwa matangi ya maji. Pinchot akasema maji ya wakazi wa mji mzima yana uzito kuliko uzuri wa bonde linalofikiwa na wachache. Desemba 1913 Seneti ikapitisha ruhusa ya bwawa kwa kura 43 dhidi ya 25, Rais Wilson akatia saini, na mwaka mmoja baadaye, mkesha wa Krismasi, Muir akafariki.

Yote hayo ni kweli. Ninachouliza ni kwa nini hadithi haimtaji mtu wa tatu, mwenyeji wa ardhi ile.

Machi 1851 kikosi cha wanamgambo wa California, Mariposa Battalion, kiliingia bonde la Yosemite kuwasaka Waahwahneechee, watu wa chifu Tenaya. Wengi walikuwa wamekwisha kimbilia milimani, lakini maghala ya mbegu za mwaloni, ambazo kwao ndizo zilikuwa unga wa mwaka mzima, yalikuwa pale pale. Wakayachoma pamoja na nyumba. Waliporudi mwezi Mei, mtoto wa kiume wa Tenaya aliuawa kwa risasi, na waliokamatwa wakaswagwa kupelekwa kwenye eneo walilotengewa huko tambarare. Miaka 13 baadaye, Juni 1864, Lincoln akatia saini sheria ya kulikabidhi bonde hilo hilo kwa jimbo la California liwe mahali pa mapumziko ya umma milele na milele.

Nendeni Yellowstone, hifadhi ya kwanza ya taifa, iliyoidhinishwa na Rais Grant tarehe 1 Machi 1872, zaidi ya ekari milioni mbili. Washoshone wa milimani, wawindaji wa kondoo pori, waliishi humo, na Wacrow, Wabannock na wengine wengi walipita, wakawinda, wakachimba jiwe jeusi la volkano la kutengenezea visu na vichwa vya mishale. Jiwe hilo limefukuliwa kwenye makaburi ya kale mpaka Ohio, nusu ya nchi kutoka pale lilipochimbwa. Hata hivyo msimamizi wa hifadhi, Philetus Norris, alieneza habari kwamba wenyeji waliogopa chemchemi za maji moto na hawakuwa wakiingia, na papo hapo akahangaika mpaka waliokuwamo wakaondolewa ili watalii wasiingiwe na hofu. Kama hawakuwamo, aliowaondoa ni akina nani?

Na Grant huyo huyo mwaka 1874 aliletewa muswada wa Bunge wa kuzuia mauaji ya ovyo ya nyati wa Marekani, akauacha ufe bila saini. Waziri wake Columbus Delano, aliyesimamia ardhi na mambo ya wenyeji, alikuwa ameshasema waziwazi kwamba nyati wakitoweka ndipo wenyeji watakapokubali kukaa kwenye maeneo waliyotengewa.

Msimamo wangu ni huu. Muir na Pinchot walikuwa wapangaji wawili wanaogombea chumba ambacho mwenye nyumba ametolewa nje usiku. Kumtoa mwenyeji kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe ya uhifadhi, na kuliharibu hata kile walichotaka kukilinda. Hili la pili nitalieleza nikipata wa kunipinga. Karibuni.

MZEE WA MISITU

Kijana, nimekusoma vizuri. Mimi kazi yangu ilikuwa misitu mpaka nikastaafu, sasa niko Morogoro, na naomba nimtetee Pinchot kwa sababu umemwita mtoto wa tajiri ukapita.

Kwanza uone hali aliyoikuta. Misonobari ya Michigan na Wisconsin ilikatwa kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, matawi na maganda yakaachwa yakauke chini. Oktoba 1871 mji wa Peshtigo, Wisconsin, uliungua usiku mmoja, na moto ule uliua zaidi ya watu 1,000 kwenye mji na vijiji vya jirani. Kuni za moto ule ziliachwa na wakata mbao. Njiwa wa kuhamahama, ambao makundi yao yalifunika jua kwa masaa, waliwindwa kibiashara mpaka yule wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, akafa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Hiyo ndiyo Marekani bila sheria.

Pili, sheria haikuja bure. Machi 1894 askari wa Yellowstone walimkuta jangili mmoja Mzungu, Edgar Howell, ameinama juu ya theluji anachuna nyati, na wengine wamelala chini wamekufa. Wakamkamata. Hakukuwa na sheria ya kumfunga! Adhabu kubwa iliyowezekana ilikuwa kumfukuza nje ya hifadhi. Ni kelele za magazeti baada ya hapo zilizofanya Bunge lipitishe sheria ya kulinda wanyama wa Yellowstone mwezi Mei mwaka ule ule. Ilikuwa karibu wamalizike, kwani kufikia 1902 kundi la porini pale lilikuwa limebaki nyati kama dazeni mbili hivi.

Tatu, ukitaka kujua Pinchot alipambana na nani, angalia mwaka 1907. Seneta Charles Fulton wa Oregon alichomeka kifungu kwenye muswada wa bajeti kinachomkataza rais kutenga misitu mipya katika majimbo 6 ya magharibi bila idhini ya Bunge. Roosevelt alikuwa na siku chache tu za kutia saini. Pinchot na makarani wake wakakesha juu ya ramani, wakachora mipaka, wakaandika matangazo, na Roosevelt akatenga ekari milioni 16 kwanza, ndipo akatia saini ule muswada. Waliokasirika walikuwa makampuni ya mbao, reli na wafugaji wakubwa. Misitu ya taifa ikapanda kutoka ekari kama milioni 56 mwaka 1905 hadi milioni 172 mwaka 1910, mwaka ambao Rais Taft alimfukuza Pinchot kazi kwa kumshutumu waziri hadharani kuhusu makaa ya mawe ya Alaska.

Sasa niulize. Kama ekari hizo zisingetengwa, zingerudi kwa wenyeji? Walakota walinyang'anywa milima yao ya Black Hills mwaka 1877 kwa sababu ya dhahabu. Hakukuwa na hifadhi wala mhifadhi. Mnyang'anyi alikuwa anakuja kwa hali yoyote. Tofauti ni kwamba pale alipotangulia Pinchot, msitu umebaki. Na San Francisco nao wanakunywa: maji ya Hetch Hetchy yalifika mjini 1934 na leo mfumo ule unahudumia watu zaidi ya milioni 2 na nusu.

MWALIMU WA TANGA

Shikamoo mzee wa misitu. Mleta mada, hongera kwa mada, lakini na wewe umeingia kwenye mtego ule ule wa wanaume wawili, umeongeza wa tatu tu. Wanawake wako wapi?

Mwishoni mwa karne ya 19 kofia za akina mama mijini zilipambwa kwa manyoya, na manyoya yaliyotakiwa zaidi ni ya yangeyange, yale marefu membamba kama uzi ambayo ndege huyo huwa nayo msimu wa kutaga. Kwa hiyo mwindaji alikwenda kwenye viota wakati huo huo, akaua wazazi, makinda yakafa kwa njaa na jua. Uzito kwa uzito, manyoya hayo yalifika bei ya kuzidi dhahabu. Mwaka 1896 Boston, Harriet Hemenway na binamu yake Minna Hall walichukua orodha ya majina ya familia kubwa za mji wakaanza kuwaalika wanawake wenzao chai, mmoja mmoja, kuwashawishi waache kuvaa manyoya. Kutoka kwenye vikao vile wakaanzisha chama cha kulinda ndege, Audubon, cha Massachusetts, majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1900 ikaja sheria ya kuzuia biashara ya wanyamapori waliowindwa kinyume cha sheria kuvushwa kutoka jimbo hadi jimbo, 1903 Roosevelt akatenga Pelican Island kule Florida kwa ajili ya ndege, na 1918 ikapita sheria ya kulinda ndege wahamao. Gharama yake ilikuwa damu: Guy Bradley, mlinzi wa ndege kusini mwa Florida, alipigwa risasi akafa mwaka 1905 akijaribu kukamata wawindaji wa manyoya.

Niambie katika hilo mwenyeji gani alifukuzwa. Ndiyo maana sikubali unaposema kufukuza kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Kulikuwa sehemu ya kazi ya baadhi yao.

Na kuhusu Muir tuwe waadilifu. Ni kweli aliandika maneno mabaya juu ya wenyeji aliowakuta Sierra, kwamba ni wachafu na kwamba walionekana hawana mahali pao katika mandhari ile. Mwaka 2020 Sierra Club yenyewe ilijitokeza kuyakiri. Lakini huyu huyu mwaka 1879 alikwenda Alaska, akasafiri kwa mtumbwi na Watlingit, akala nao, na alichoandika baada ya hapo kina heshima. Binadamu hukua. Tusimsome ukurasa mmoja.

MLETA MADA

Mwalimu, hilo la ndege nalipokea moja kwa moja. Kampeni ya manyoya ilimgusa mvaaji na muuzaji, haikuhitaji kumhamisha mtu, na ikafanikiwa. Inanisaidia kusema kwamba njia nyingine ilikuwepo. Na Muir wa Alaska namkubali. Ila bondeni Yosemite, alikopigania sheria, mawazo yaliyoingia kwenye sheria ni yale ya kwanza.

Mzee wangu, nakujibu kwenye uwanja wako, misitu.

Wazungu wa kwanza kuingia Yosemite walishangaa jinsi bonde lilivyokuwa wazi: majani mapana, mialoni mikubwa iliyotawanyika, unaona mbali. Wakadhani ni kazi ya Mungu peke yake. Kumbe kila vuli watu wa Tenaya waliwasha moto mdogo chini ya mialoni. Moto ule ulisafisha majani makavu ili mbegu zikianguka zionekane, ukaua wadudu watobozi waliokuwa ndani ya mbegu mbovu zilizodondoka mapema, ukazuia misonobari michanga isiwafunike mialoni, na kwenye vichaka ukatoa machipukizi marefu yaliyonyooka ambayo wanawake waliyasukia vikapu. Walikuwa wakulima wa mialoni, wenye jembe la moto. Walipoondolewa na moto ukapigwa marufuku, bonde likaanza kuziba. Galen Clark, mlinzi rasmi wa kwanza wa bonde lile, ambaye alilijua tangu miaka ya 1850, aliandika katika miaka ya 1890 kwamba nyika za wazi zimepungua sana na vichaka vimejaa. Hakuwa adui wa hifadhi, mzee. Alikuwa mtumishi wake.

Idara ya Misitu nayo, baada ya moto mkubwa wa Agosti 1910 ulioteketeza takriban ekari milioni 3 huko Idaho na Montana, ikafanya vita dhidi ya kila moto kuwa dini. Kufikia 1935 kanuni ilikuwa kwamba moto wowote uwe umedhibitiwa kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Matokeo yake kuni zikalundikana chini ya miti kwa miongo. Ile miti mikubwa ya sequoia, inayohitaji joto la moto ili makoko yafunguke na ardhi tupu ili mbegu ishike, ikakosa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1960 hifadhi za Sequoia na Kings Canyon zikaanza kuwasha moto kwa makusudi, lakini deni lilikuwa kubwa: moto wa 2020 na 2021 uliua maelfu ya sequoia wakubwa, miti iliyokuwa hai kabla ya Columbus kuzaliwa.

Ndiyo maana nilisema kumtoa mwenyeji kuliharibu kile kile walichotaka kukilinda. Waliondoa watu, na elimu ya kulitunza lile bonde ikaondoka nao.

MDAU WA GOMA

Ndugu zangu, jambo. Mimi niko Goma, na historia hii ina mguu hapa kwetu, mnisikilize kidogo.

Mzee wa Morogoro ametaja nyati. Mtu aliyesifiwa kuliko wote kwa kuokoa nyati ni William Hornaday, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha nyati cha Marekani mwaka 1905. Mwaka 1907 alipakia nyati 15 kwenye treni kutoka Bronx kwenda Oklahoma kuanzisha kundi jipya. Ni kazi kubwa, siikatai. Lakini mwaka mmoja kabla, Septemba 1906, katika bustani hiyo hiyo, Hornaday huyo huyo alimweka Mkongomani, Ota Benga, kijana wa Kimbuti, kwenye nyumba ya nyani, pamoja na orangutangu, watu walipe nauli ya treni waje kumtazama. Alikuwa ameletwa Marekani na Samuel Verner kwa maonyesho ya St. Louis ya 1904. Wachungaji Weusi wa New York, wakiongozwa na James Gordon, ndio waliopiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi nyumbani. Mwaka 1916, Lynchburg, Virginia, alijiua kwa risasi.

Katibu wa shirika lililomiliki bustani ile alikuwa Madison Grant. Mwaka ule ule wa 1916 Grant alitoa kitabu cha kutukuza damu ya Wazungu wa kaskazini na kuonya ichanganyike, na mwaka 1918 akawa mmoja wa waanzilishi wa umoja wa kuokoa miti ya redwood ya California. Nimesoma watu wakisema hizo ni sura mbili za mtu mmoja zisizohusiana. Mimi naona zinahusiana. Mtu anayepanga viumbe kwa ngazi, ni nani alindwe na ni nani aondolewe, hafanyi hivyo kwa miti tu. Shirika lile liliomba radhi rasmi kwa ajili ya Ota Benga mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Halafu Virunga. Mfalme Albert wa Ubelgiji alitembelea hifadhi za Marekani mwaka 1919, Yosemite ikiwemo. Mwaka 1921 Carl Akeley wa makumbusho ya New York alipanda mlima Mikeno, akaua sokwe wa milimani 5 ili wawekwe kwenye vioo, akarudi na majuto na hoja kwamba waliobaki walindwe. Aprili 1925 ikatangazwa Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya taifa barani Afrika, na ndiyo Virunga yetu ya leo. Akeley alifia huko huko mlimani mwaka 1926 na akazikwa huko. Sokwe wapo, na mimi najivunia. Ila mfano uliokuja ni ule wa Yellowstone, hifadhi isiyo na mtu ndani, ukawekwa juu ya mlima wenye wafugaji, wakulima na Wabatwa. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wamekufa Virunga kwa miaka ya vita, na mimi nawaheshimu sana. Lakini sehemu ya uhasama wao na vijiji ni deni lililoandikwa 1925.

MZEE WA MISITU

Mdau wa Goma, la Ota Benga linaniuma na sina la kulitetea. Pole sana.

Kijana, hoja ya moto umeijenga vizuri, na wataalamu wa misitu wa leo wengi watakuunga mkono. Lakini angalia unachokifanya: unamhukumu Pinchot kwa elimu ya moto ambayo shule ya Ulaya haikuwa nayo. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Dietrich Brandis, Mjerumani aliyewasimamishia Waingereza misitu ya India. Ni shule hiyo hiyo iliyoandika sheria ya misitu ya Wajerumani hapa Tanganyika 1904. Kwao moto ulikuwa adui, basi. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo.

Swali langu halijajibiwa. Mwaka 1890, reli iko mlangoni, mbao zina bei, nyati wamebaki mia kadhaa. Ungemkabidhi nani? Usiniambie wangewaachia wenyeji. Nani alikuwa na uwezo wa kulinda?

MKAZI WA MONTANA

Shikamoo mzee. Nimeishi Montana miaka mingi, na swali lako lina jibu lenye majina.

Miaka ya 1870 mwindaji wa kabila la Pend d'Oreille alivusha ndama wachache wa nyati kutoka nyika za mashariki, juu ya milima, hadi bonde la Flathead. Wakazaliana. Mwaka 1884 wafugaji wawili wa hapo, Michel Pablo, ambaye mama yake alikuwa wa Blackfeet, na Charles Allard, wakawanunua. Hakuna jeshi, hakuna bajeti ya Bunge. Wakawaachia watembee kwenye ardhi ya wazi ya makabila ya Salish na Kootenai, na kundi likakua hadi mamia. Wakati Yellowstone wamebaki dazeni mbili, pale palikuwa na moja ya makundi makubwa kuliko yote yaliyosalia duniani.

Mwaka 1904 Bunge likapitisha sheria ya kuikata ile ardhi ya makabila vipande vipande na kufungulia walowezi kinachobaki. Nyati hawawezi kuishi kwenye ploti zenye waya. Pablo aliiomba serikali ya Marekani inunue kundi, Bunge likakataa kutoa pesa, akaliuza kwa Kanada. Kuwakamata na kuwapakia kwenye mabehewa kulichukua miaka: dume mmoja angeweza kuvunja ubavu wa behewa akatoka upande wa pili. Karibu 700 wakaenda. Halafu, mzee, mwaka 1908 serikali ikachukua ekari zaidi ya 18,000 katikati ya ardhi ile ile ya makabila, bila ridhaa yao, ili kutengeneza hifadhi ya nyati. Na nyati 34 walionunuliwa kuianzisha, kwa michango iliyokusanywa na chama cha Hornaday, walitoka kwenye kundi la Conrad wa Kalispell, ambalo nalo lilitokana na mifugo ya Allard.

Kwa hiyo aliyekuwa na uwezo wa kulinda alikuwepo na alikuwa akilinda. Alinyang'anywa ardhi, akauza nyati, kisha akaambiwa serikali imekuja kuokoa nyati. Desemba 2020 sheria ikapita ya kuirudisha hifadhi ile kwa makabila ya Salish na Kootenai, na sasa wao ndio wanaiendesha.

Nyongeza kwa mwalimu: kwenye orodha yako muweke pia Kapteni Charles Young, aliyezaliwa utumwani Kentucky. Mwaka 1903 yeye na wanajeshi wake Weusi walilinda hifadhi ya Sequoia, na kwa msimu mmoja wakamalizia barabara ya magari ya farasi hadi kwenye miti mikubwa, kazi iliyokuwa imesuasua kwa miaka. Wageni wa kwanza kufika pale kwa magari walipita kwenye jasho lao.

MWALIMU WA TANGA

Asante sana ndugu wa Montana. La Pablo nitalipeleka darasani kesho kutwa. Lakini msikimbie swali la nyumbani. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama kwenye waraka wa kuiachia Serengeti, wakaahidiwa haki zao Ngorongoro. Mleta mada, unasema njia nyingine ilikuwepo. Ikiandikwa kwenye karatasi, inalindwa na nani?

MLETA MADA

Mwalimu, umegusa penyewe. Mwaka 1895 Wablackfeet wa Montana, wakiwa na njaa baada ya nyati kuisha, waliuza ukanda wa milima yao kwa dola milioni 1.5. Mmoja wa wajumbe wa serikali waliokaa nao mezani alikuwa George Bird Grinnell, mwanzilishi wa chama cha kwanza cha Audubon mwaka 1886, mwenzake Roosevelt katika klabu ya wawindaji, na mtu aliyewaita Wablackfeet marafiki zake. Katika mkataba ule walibakiza haki ya kuwinda, kuvua na kukata mbao mle, maadamu ardhi inabaki ya umma. Mwaka 1910, kwa juhudi kubwa za Grinnell, ukanda ule ukawa Hifadhi ya Glacier. Askari wa hifadhi wakaanza kuwakamata wawindaji wa Kiblackfeet, kwa maelezo kwamba hifadhi ya taifa si ardhi ya umma ya aina ile iliyotajwa. Wablackfeet hawajawahi kukubali tafsiri hiyo mpaka leo.

Kwa hiyo mzee, mbadala uliouliza uliwahi kuandikwa na kutiwa saini, na mhifadhi mwenyewe alikuwa mezani. Uhifadhi wenye watu ndani ulikuwa sheria kwa miaka 15 kabla ya kuvunjwa. Ndiyo maana siwezi kusema walikuwa watu wa wakati wao nikanyamaza. Wakati wao ulikuwa na Pablo, ulikuwa na mkataba wa 1895, ulikuwa na Galen Clark anaandika bonde linaziba. Walichagua.

MZEE WA MISITU

Pablo sikuwa nimemsikia kwa urefu huo, na nimefurahi kumjua. Glacier ni dhuluma, sitaki kuipaka rangi.

Ila nawaachia kazi. Yellowstone sasa ina nyati maelfu. Kila baridi kali wanashuka kutoka milimani kutafuta majani, wakivuka mpaka wa kaskazini makabila yenye mikataba ya 1855 yanawawinda kwa haki yao kamili. Mimi haki hiyo naiunga mkono. Lakini majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 waliuawa nyati zaidi ya 1,000 kwa uwindaji peke yake, kwenye njia nyembamba, na makabila ni mengi, kila moja na kanuni zake. Pinchot angetaka hesabu moja na mwenye kauli ya mwisho mmoja. Ninyi mnataka wenyewe wakae pamoja wapange. Haya, niambieni: mwaka wa baridi kali kama ule, kabila moja likisema inatosha na jingine likasema bado, nani anafunga uwindaji, na kwa mamlaka gani?